Punguza Mwendo, Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza, na programu ya Kocha nayo imeanza. Naandika kwa nukta nundu, kibao kiko mapajani, na kila nikitoboa karatasi Mama mkwe analalamika kutoka chumba cha pili kwamba kuna kuku anadonoa bati. Nikamwambia kuku huyo anakwenda mashindano makubwa mwezi wa sita, amvumilie. Akajibu, "Basi kuku wa mashindano aje kwanza aoshe vyombo." Nimeosha.

Hakuna atakayesoma haya, maana humu ndani mwenye kujua nukta ni mimi peke yangu. Hata hivyo napenda kuandika kama vile kuna msomaji, nikamweleza mambo. Nakimbia mita elfu moja na mia tano. Sijaona chochote tangu nina miaka saba, lakini siku ya mbio nafunikwa macho kama wenzangu wote, asije mtu akaiba mwanga kidogo. Kulia kwangu anakimbia mume wangu. Kamba fupi inaunganisha mkono wangu na wake. Yeye ndiye anayeniambia kona inaanza, kona imekwisha, nani yuko mbele, muda unasemaje. Uwanjani hakuna anayejua jina lake, wote wanamwita Macho. Tumefungana kamba miaka tisa, ndoa yetu ina miaka sita. Kwa hiyo kamba ndiyo mke mkubwa, mimi nimeolewa baadaye.

Kocha yuko kambini na timu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Sisi tunafanya mazoezi hapa kwa sababu ya kazi zetu: mimi napokea simu ofisini, Macho ni fundi wa majokofu. Kila jioni Macho anamtumia Kocha muda wetu kwa simu. Tarehe kumi Mei kuna jaribio. Kuna nafasi moja tu kwa mbio zangu, na nina miaka thelathini na mbili. Nikiikosa hii sitegemei nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mizunguko kumi na miwili. Miguu kama ya kuazima.

Jumanne, 11 Machi

Leo tulikimbia kwa saa kwa mara ya kwanza msimu huu. Nilianza nikijisikia mwepesi ajabu, nikasema moyoni, mwaka huu watanikoma. Mzunguko wa kwanza haujaisha Macho akasema, "Punguza, mke wangu. Unakwenda kwa pupa, uko mbele mno ya muda." Nikapunguza. Wa pili akaniambia tena vilevile, nikapunguza tena. Mwisho akanisomea muda, nikadhani anatania. Ni mbaya kuliko wa mwaka jana wakati natoka kuumwa.

"Umeporomoka mizunguko ya mwisho," akasema. "Unamaliza nguvu zote mwanzoni."

Sikujisikia nimeporomoka. Nilijisikia nimezuiwa mlangoni. Lakini saa haina chuki na mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Vilevile. Pupa, kisha kuporomoka.

Alhamisi, 20 Machi

Kocha amepiga simu jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua maneno, na Kocha kwa kawaida hachagui maneno, anayarusha tu. Akaniuliza kama nalala vizuri. Akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Mwisho akafika alikokuwa anakwenda.

"Kuna binti mwingine hapa kambini anakuja vizuri," akasema. "Mimi nataka uende wewe, unanielewa? Ila muda wako siwezi kuutetea kwa viongozi. Mwili umebadilika?"

Nikamwambia mwili ni uleule. Baada ya kukata simu nikasimama jikoni nikijishika mapaja na tumbo, nikitafuta ni wapi palipobadilika. Macho akaja nyuma yangu akanikumbatia, akasema tutapambana. Nililia kwenye shati lake, shati linalonuka gesi ya majokofu, nikamwomba msamaha kwamba namwangusha. Akanyamaza. Nikajua na yeye ameumia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanza kuamka mapema zaidi na kuruka kamba uani kabla Macho hajaamka. Chakula cha usiku nimeacha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimegombana na Mama mkwe. Alipakua, nikasogeza sahani. Akaisogeza kwangu, nami nikairudisha. Mchezo huo ukaendelea hadi akapiga meza.

"Mimi sikupika ili sahani ifanye mazoezi," akasema. "Unakonda kama ufagio wa zamani. Nani kakwambia njaa inakimbia?"

"Mama, mimi ni mzito. Naanza vizuri halafu nakufa."

"Nani kasema unakufa?"

"Saa."

Akageukia upande wa Macho. "Na wewe mwanangu, unamwona mkeo anavyokwisha, umekaa tu kama mgeni."

Macho akasema riadha ina mambo yake, mama usiingilie. Sauti yake ilikuwa kavu. Nikamkasirikia Mama mkwe, nikaona anamwonea mwanawe ambaye kila asubuhi anakimbia kwenye tope kwa ajili yangu, tena kwa goti linalomsumbua, maana kutwa anapiga magoti nyuma ya majokofu ya watu. Kwenye kona yeye ndiye anayepita nje, njia yake ni ndefu kuliko yangu. Nani mwingine angenifanyia hayo? Nililala na njaa na hasira, hasira ikashinda.

Ijumaa, 4 Aprili

Muda mbaya kuliko yote. Sitaki kuandika.

Jumatano, 9 Aprili

Uwanja umejaa maji. Mlinzi anasema leo labda tukaogelee. Macho alikuwa na kazi ya kubeba majokofu, basi nikamwomba Mama mkwe anisindikize kwenye jumba la mazoezi nyuma ya benki, kuna mashine ya kukimbilia. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu ugomvi ule, lakini alivaa viatu bila kuulizwa.

Dada anayehudumia pale alinionyesha kwa mkono wapi pa kushika na wapi pa kuizimia mashine. Mama mkwe akapanda baiskeli isiyokwenda akakaa kama yuko sebuleni. Nikamwomba yule dada aweke kasi ambayo Kocha anaitaka siku ya jaribio, ile ambayo uwanjani inaniua. Nikagusa chuma kwa kidole kimoja nisipotee, nikaanza.

Nilingoja kufa. Nilingoja mzunguko wa pili, pale ninapoporomoka kila siku, sikuporomoka. Nilingoja wa tatu. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka vizuri. Dada akasema masafa yangu yametimia, nikamwambia aongeze kasi. Akaongeza. Nikamwambia tena. Mwisho akasema, "Dada yangu, hapo ndipo mwisho wake, labda tukutafutie pikipiki."

Nikashuka. Njiani Mama mkwe alinishika mkono. Tulipofika mlangoni akauliza, "Mbona leo hukuporomoka?"

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemweleza Macho. Alicheka kidogo. Akasema mashine zile zimechakaa, namba zake zinasema zinavyotaka, na tena mkanda unakusukuma, hakuna upepo, hakuna kona. Ni kweli, yeye ni fundi, anajua mashine. Nikakubali.

Baada ya kukubali nikakaa kitandani na jambo moja likaanza kunikereketa. Mwaka jana, tukikimbia, nilikuwa nasikia sauti yake tu. Pumzi yake sikuisikia kabisa. Mwaka huu naisikia kuanzia kona ya kwanza. Inapiga mluzi. Nilikuwa naisikia kila siku na sikuiuliza chochote, kwa sababu nilikuwa nahangaika na ya kwangu.

Namwonea. Ni mvua tu, kifua kimeingia baridi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijamwonea. Leo nimeisikiliza kamba. Haikazi mbele, inakaza nyuma. Nilidhani ananizuia kwa hekima.

Jumanne, 15 Aprili

Mkono wa kulia umefungwa bandeji, naandika kwa tabu, lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Tulifika uwanjani mvua ikiwa ya rasharasha. Nilikuwa nimeamua tangu kitandani. Tukafunga kamba, tukatembea nusu mzunguko tukipatanisha hatua kama siku zote, mguu wangu wa kulia na wake wa kushoto, na nilimpenda kwa muda wa ule mwendo wa kutembea, nilimpenda kweli, nikaomba niwe mjinga.

Tukaanza. Kona ya kwanza, kona ya pili. "Uko mbele ya muda," akasema. "Punguza."

Sikupunguza.

"Punguza mwendo, mke wangu. Utakufa mwisho."

Nikaongeza. Kamba ikakaza hadi ikaniingia kwenye vidole. Mluzi wa pumzi yake ukaja karibu, ukabaki nyuma, ukaja tena. Mzunguko wa pili hakusema kona, niliijua kwa mteremko wa ukingo chini ya kiatu. Alikuwa hana pumzi ya kusema. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na pumzi ya kuimba. Nilikuwa nalia na kukimbia, na mwili wangu wote uliokuwa umetukanwa tangu mvua zianze ulikuwa mzima, haukuwa na ugonjwa wowote.

Mzunguko wa tatu akaanguka. Kamba ilinivuta mkono kama mtu anayeng'oa mzizi, nami nikaenda chini kwa magoti na kiganja. Nikasimama. Sikujua nimeelekea wapi. Uwanja ule naujua kuliko chumba changu, lakini nilikuwa sijui mstari uko wapi, nyasi ziko wapi, lango liko wapi. Nilisikia mvua tu na mtu anayehema chini.

"Umeumia?" nikauliza.

"Goti."

"Tangu lini?"

Nikasikia anajaribu kunyanyuka, akashindwa.

"Tangu lini hunifikii?"

"Tangu Februari," akasema. "Kabla ya mvua. Nilidhani ni goti tu, litapona. Nikasema nikuzuie wiki mbili, lipoe, halafu tuendelee kama kawaida. Halikupona. Na wewe ulikuwa unazidi kuwa mwepesi. Kila wiki unazidi."

"Ulikuwa unanisomea muda wa uongo."

"Wa mwanzo tu. Wa mwisho ulikuwa wa kweli."

Nikacheka. Wa mwisho ulikuwa wa kweli! Ananidanganya nipunguze, nikipunguza ananisomea kwa uaminifu jinsi nilivyochelewa. Halafu ananishika kichwa nikilia kwenye shati lake.

"Ulinisikia nikikuomba msamaha," nikamwambia. "Mimi nikakuomba msamaha wewe. Nimelala na njaa wiki tatu. Nimeruka kamba uani kama mwendawazimu. Nimejishika tumbo nikilichukia. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ndiyo. Ulikuwepo."

Akaanza kulia. Sijawahi kumsikia akilia, hata baba yake alipofariki hakulia. Akasema, "Ningesema, Kocha angekuletea mtu siku hiyohiyo. Ungefungwa kamba na mtu mwingine, mkapanda ndege. Mimi ningebaki na majokofu. Pale uwanjani mimi ni Macho. Nje ya pale mimi ni nani?"

Nilitaka kumwambia, wewe ni mume wangu. Neno lilifika mdomoni likakataa kutoka. Nikamwambia anyanyuke anipeleke nyumbani, maana sikuwa na mwingine wa kunipeleka. Tulirudi nimeshika kiwiko chake, yeye anachechemea. Watu barabarani lazima walituona tunapendeza.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekula sahani mbili. Sikusikia ladha.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimempigia Kocha, Macho amekaa pembeni. Nikasema goti la Macho limekwisha na mimi niko vizuri, nahitaji kiongozi mwingine haraka. Sikusema zaidi ya hapo. Kocha akawaka, mbona hatukusema mapema, akauliza mara tatu. Nikamwambia lilikuwa goti la kuficha. Macho alihema kwa nguvu, labda kwa shukrani. Sikuificha siri ile kwa ajili yake. Niliona aibu kusema kwamba sikujua.

Mama mkwe anajua, ukuta wetu ni mwembamba. Alikuja kukaa nami uani akichambua mchele. "Yule ni mwanangu," akasema, "siwezi kumtupa. Ila ungempiga siku ile ningegeukia ukutani." Ndiye aliyenichekesha, na nilikuwa nikimwona mchokozi.

Jumatatu, 28 Aprili

Niko kambini. Kiongozi mpya ni askari, ndivyo wote wanavyomwita, Askari. Mrefu, ananuka sabuni, pumzi yake haisikiki kabisa. Tumetembea asubuhi nzima tukipatanisha hatua. Anasema "Sawa, dada" kwa kila kitu. Nilimkanyaga, akasema sawa, dada.

Jumamosi, 3 Mei

Kocha hanielewi. Anasema nina miguu ya dhahabu na masikio ya mawe. Askari akisema kona, najua kona, sawa. Akisema muda, nauliza tena. Leo nilimuuliza mara mbili, kisha nikamuuliza Kocha, kisha nikamuuliza daktari wa timu, aliyekuwa anapita tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepita. Nafasi ni yangu. Yule binti mwingine alinipa mkono, kiganja chake kilikuwa cha baridi. Nilikimbia mbio zote mbele, peke yangu, sikuhitaji kumsikiliza mtu.

Nilimpigia Macho. Akasema, "Nilijua." Ni neno ambalo hakupaswa kulichagua.

Ijumaa, 23 Mei

Siku mbili nyumbani kabla ya safari. Mvua zimekwisha, uani kumekauka. Macho amenifungia sanduku, kila kitu mahali pake, viatu kulia, nguo kushoto, ameniambia moja moja kwa sauti. Amekuwa mpole hadi inaudhi. Nilinyoosha mkono nikamshika goti. Limevimba kama mkate. Nikamwambia aende hospitali. Akasema ataenda. Nikagundua simwamini hata hapo.

Ijumaa, 6 Juni

Hoteli. Dirisha halifunguki. Mbio zimekwisha.

Niandike kwa mpangilio. Tulikuwa wanane. Watu walikuwa wengi hadi kelele zikawa kama ukuta, Askari ilibidi anisemee sikioni. Mizunguko ya kwanza tulikaa wa tano, kama Kocha alivyopanga. Nilikuwa sawa. Nilikuwa zaidi ya sawa. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, tukiwa bado wa tano, nikawasikia wanne mbele yangu, karibu kabisa, hatua zao na za viongozi wao.

Tulipoingia kona ya mwisho Askari akasema, "Wa mbele anakatika. Ongeza sasa, dada. Sasa!"

Nilikuwa na nguvu. Nataka ieleweke hivyo. Mwili ulikuwa tayari, ulikuwa unaomba. Lakini sikuongeza. Nilisikiliza. Niliisikiliza sauti yake, nikatafuta mluzi ndani yake, nikasikiliza kamba inakaza upande gani. Ilikuwa imelegea, hakuna aliyekuwa ananivuta popote. Kona nzima nilikuwa najiuliza mtu huyu anataka nini kwangu. Nilipokuja kumwamini tulikuwa tumeshaingia kwenye mstari ulionyooka, nikaongeza, nikampita mmoja, na wa tatu nilikuwa nasikia pumzi yake begani kwangu tulipokata mstari.

Nimekuwa wa nne. Kilichonikosesha ni hatua moja.

Nimemwacha mmoja aliyekatika akalala nyuma yangu, na wengine watatu wamekwenda jukwaani kuvishwa medali. Askari alinifungua kamba taratibu.

"Dada, kelele zilikuwa nyingi," akasema. "Ulinisikia pale kwenye kona?"

Nikamwambia kelele zilikuwa nyingi. Akasema sawa, dada. Atabeba jambo hilo, atadhani hakusema kwa sauti ya kutosha, nami nimemwacha alibebe. Nimejifunza haraka.

Macho amepiga simu muda si mrefu. Walitazama kwenye televisheni ya jirani, yeye na Mama mkwe. Nilisikia mama nyuma yake akipenga kamasi. Macho hakunipa pole. Aliuliza kama anavyouliza fundi anayetafuta penye hitilafu.

"Alikwambia uongeze wapi?"

"Mwanzo wa kona ya mwisho."

"Ni hapohapo. Na mimi ningekwambia hapo." Akaendelea, "Mbona ulichelewa? Ulikuwa na nguvu, nilikuona. Ulikuwa unasubiri nini?"

Nilikuwa na uongo mdogo tayari mdomoni, kelele, kiatu, msuli. Nikauacha.

"Nilikuwa namsikiliza kama ananidanganya," nikasema.

Nikasikia pumzi yake, ule mluzi, na sauti za watu wa televisheni wakishangilia mbio nyingine. Hakukata simu. Nami sikukata.